Pini niliyoikanyaga bila kuisikia

Mwaka 2017 nilianza kukosana na tundu la sindano. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na siku zangu uzi naweza kuutia gizani. Ghafla nikawa naulamba mara tatu, mara nne, na bado unapita pembeni. Nikasema ni uzee, ingawa nilikuwa na miaka 46, nikanunua miwani kwa mmachinga. Kiu nikaisingizia joto. Kukojoa usiku nikakusingizia kiu.

Aliyenikamata ni muuguzi mmoja aliyekuja kuchukua gauni lake na kuniona ninavyohangaika. Kesho yake, kabla sijatia kitu tumboni, akanipima zahanati: sukari 14.2, wakati kuanzia 7 tu tayari huitwa kisukari. Presha 168 kwa 102. Akaniuliza nimefikaje pale kwa miguu yangu mwenyewe.

Dawa zilipoanza kufanya kazi, ile miwani ikawa ndiyo inayonitia ukungu. Kumbe sukari ikipanda sana lenzi ya jicho hujaa maji na kubadilika umbo. Ikishuka, jicho linarudi taratibu. Hela ya miwani ikaenda hivyo. Kama umeambiwa leo una sukari, usikimbilie miwani, ngoja kwanza itulie.

Metformini, kidonge cha sukari, ilinivuruga tumbo mpaka nilipojifunza kuimeza pamoja na chakula. Amlodipini ya presha ikanivimbisha vifundo vya miguu, daktari akaipunguza na kuniongezea kidonge cha kutoa maji. Kwenye bahasha wameandika 1x1, yaani kimoja mara moja kwa siku, bila kusema saa ngapi. Nikakimeza usiku, maana usiku ndiyo saa ninayokumbuka. Mwezi mzima nikawa mlinzi wa choo, na choo chetu kiko uani, cha kushirikiana na wapangaji wanne. Asubuhi nasinzia juu ya cherehani, mshono unakwenda upogo, mteja ananuna. Nilishaamua kukiacha. Siku ya kliniki muuguzi akaniuliza swali moja tu: "Hiki unameza saa ngapi, dada?" Nikakihamishia asubuhi, usingizi ukarudi. Sijui ni wangapi wanaitwa wakaidi wa dawa kwa sababu hawakuulizwa swali hilo.

Januari ni msimu wa sare za shule, na hapo ndipo nilipojifunza upande wa pili. Nilikuwa nimeongezewa glibenklamidi, kidonge kingine cha kushusha sukari. Nikaimeza asubuhi, nikanywa chai ya rangi kavu, nikaingia kazini, na saa nane mchana sijala. Jasho likaanza kunitoka shingoni, mikono ikatetemeka, nikamfokea mwanafunzi wangu bila sababu, kisha nikakata kitambaa cha sketi mbili kinyume. Mwanafunzi ndiye aliyekumbuka kipimo: 3.1, sukari imeshuka mno. Akakoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, nikanywa, tukangoja dakika kumi na tano, akapima tena. Sasa nasisitiza: saa saba kamili mashine inazimwa, hata kama mzazi amesimama mlangoni. Wako waliokasirika na kwenda kwa fundi mwingine. Sukari imenigharimu wateja, hilo siwezi kulificha.

Shughulini nako ni kazi. Mwanzoni nilikuwa nasema nimeshiba, wifi zangu wakasema naringa. Nikabadili: nakaa jikoni na wapishi, najipakulia mwenyewe, pilau kiganja kimoja, kachumbari sahani nzima, soda nampa mtoto. Anayepakua hasutwi kwamba hali.

Lakini kilichonitisha kuliko vyote ni pini. Karakana ya fundi ina pini sakafuni kama uwanja ulivyo na mchanga, na mimi maisha yangu yote nakanyaga pedali peku, maana mguu ndio unaojua mwendo wa mashine. Jioni moja mjukuu akasema, "Bibi, unatoka damu." Nikageuza unyayo, pini imezama mpaka kichwani. Sikuwa nimesikia lolote. Miezi kadhaa nyuma vidole vilikuwa vikiwaka moto usiku, halafu vikatulia, nami nikashukuru Mungu nikidhani vimepona. Kumbe ilikuwa ganzi ya sukari.

Kidonda kidogo vile kilikula wiki sita za kusafishwa na kufungwa. Siku hizi nashona na viatu vya kufunika, soksi ndani, na kabla ya kuvaa navikung'uta. Kila usiku mjukuu ananikagua nyayo kwa tochi ya simu, na akikuta mkwaruzo anatangaza nyumba nzima. Kuzoea pedali kwa kiatu kulinichukua miezi miwili, na vifungo vya shati bado navishona polepole kuliko zamani.

Juzi fundi mwenzangu alipita, akaniangalia miguuni akacheka. "Shoga, viatu na soksi ndani, na joto hili?" Nikavua kimoja nikamwonyesha kovu. Akalitazama, kisha akatazama miguu yake mwenyewe, peku juu ya sakafu yangu, akarudi mlangoni kuvaa kandambili zake.