Madirisha ya Kamikatsu

Tangu asubuhi jirani anang'oa madirisha ya mbao aweke ya aluminiamu, fundi kayarundika nje ukutani na mvua ikinyesha ndo basi tena, na mimi kila nikipita hapo mawazo yananipeleka Kamikatsu, kule Japani.

Kipindi kile bado nasoma Tokushima. Tukapanda milima na basi, mierezi kila upande, hadi kwenye kimji chenye watu hata 1,500 hawafiki, wengi wao wazee, kwenda kuona kituo cha taka alichochora msanifu majengo Hiroshi Nakamura kikafunguliwa 2020. Kuta zake ni madirisha matupu, kama 700 hivi, wenyeji waliyatoa majumbani kwao, makubwa kwa madogo, yameunganishwa kama viraka. Kenchi ni magogo ya mierezi ya hukohuko, yamepasuliwa tu kwa urefu na kukazwa kwa bolti ili siku ikifika yafunguliwe yatumike tena.

Akaja bibi mmoja na kigari chake. Chupa zimeoshwa, pakiti za maziwa zimekatwa zikakaushwa, magazeti yamefungwa kamba. Huko gari la taka halipiti, kila mtu anapeleka mwenyewe na kutenganisha mafungu zaidi ya 40. Alipomaliza chupa akanikuta nimesimama mbele ya dirisha moja dogo, komeo lake la shaba la kuzungusha bado lipo, na kwenye fremu kuna stika ya mtoto imebanduka nusu. Akaniambia polepole ili nielewe, hilo la jikoni kwangu. Akalishika komeo, akalizungusha akafunga, akafungua, halafu akachungulia ndani kuona nani yupo. Alikuwepo shoga yake. Wakaanza stori, magazeti yakasubiri.

Mengine tuliyaona harakaharaka, duka la vitu vya bure, rafu za vitabu zilizotengenezwa kwa kreti za uyoga, na jioni tukarudi.

Huku kwetu nimeona kumbi za kijiji nzuri tu, funguo anazo mtendaji, zinafunguliwa siku ya chanjo na siku ya kura. Kule ukumbi wa wenyeji uko hapohapo kwenye kituo cha taka, kwa hiyo lazima ufike, na ukifika utakuta mtu. Ila najiuliza hivi, gari la taka lingekuwa linapita mlangoni kwa yule bibi, angekuja? Na mimi mtaani kwangu wakisema gari lisije tena, tupeleke wenyewe, ningekubali? Natamani kusema ndiyo, lakini kwa kweli sina uhakika.