Kuchagua Taa ya LED kwa Matumbawe: Maelezo ya Mfugaji wa Kisumu

Swali la kwanza la karibu kila mtu anayetaka kufuga matumbawe nyumbani ni hili: ninunue taa ya wati ngapi? Nalielewa, kwa kuwa wati ndizo zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila kasha dukani. Hata hivyo, wati hueleza umeme unaotumika, wala hazielezi ni mwanga kiasi gani utakaomfikia mnyama aliye chini ya maji. Na tumbawe, ingawa limetulia kama mmea, ni mnyama. Kwa maoni yangu mfugaji aanze na matumbawe yenyewe: anataka kufuga yapi, nayo yanahitaji nini?

Matumbawe mengi tunayofuga hubeba ndani ya miili yao mwani wa chembe moja uitwao zooksanthela, ambao hufanya usanisinuru mchana na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula chake. Baharini maji hunyonya mwanga mwekundu upesi, huku ule wa buluu ukipenya hadi kina kirefu, na kwa hiyo mwani huo umejengeka kuutumia mwanga wa buluu vizuri sana, hasa ule wenye urefu wa mawimbi wa takriban nanomita 420 hadi 480. Hapo ndipo taa za LED zinapotufaa, kwa sababu kila diodi, yaani kijipande kidogo kinachotoa mwanga ndani ya taa, hutoa rangi yake mahususi na mtengenezaji anaweza kuzijaza za buluu apendavyo. Diodi ya buluu yenye mwangaza mkali ilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kazi hiyo iliwapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Mimi huwakumbuka kwa shukrani, maana taa za metali halaidi zilizotangulia zilikuwa na joto ambalo sebule ya Kisumu isingelistahimili.

Lumeni nazo zisikupoteze. Kipimo hicho kimewekwa kwa kufuata jicho la binadamu, linaloona rangi ya kijani vizuri kuliko nyingine, na hivyo taa ya buluu inayolitosheleza tumbawe kabisa huweza kuonekana hafifu kwenye karatasi. Kipimo kinachofaa ni PAR, yaani wingi wa mwanga wa kati ya nanomita 400 na 700, ambao ndio unaotumika katika usanisinuru, nacho huhesabiwa kwa mikromoli kwa kila mita mraba kwa sekunde. Matumbawe laini na yale ya umbo la uyoga, kama Sarcophyton na Discosoma, huridhika na takriban 50 hadi 100. Yale magumu yenye polipu kubwa (polipu ni kila kijinyama chenye mdomo kinachounda tumbawe), kama Euphyllia, hutaka 80 hadi 150. Na Acropora, ambayo mimi simshauri anayeanza kuigusa, huhitaji 200 hadi 350. Mtengenezaji makini hutoa mchoro unaoonyesha PAR katika kila kina cha tangi. Muuzaji asipoweza kunionyesha mchoro huo, sinunui, hata bei iwe nafuu namna gani.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 36, yaani lita zipatazo 65 kabla ya kuweka mchanga na mawe. Katika kina kifupi namna hiyo hatari kubwa ni mwanga kuzidi, wala si kupungua. Tumbawe likipigwa na mwanga mkali ghafla huufukuza mwani wake, likapauka, na lisipoupata tena hufa. Ndiyo maana sifa ninayoithamini kuliko zote ni uwezo wa kuongeza na kupunguza nguvu ya taa, tena kila rangi peke yake: buluu kivyake, nyeupe kivyake. Taa mpya huiwasha kwa asilimia 30 hivi, kisha nikaongeza kidogo kidogo wiki baada ya wiki huku nikiyatazama matumbawe. Zoanthus, jamaa ya matumbawe wanaoishi kwa makundi, zikirefusha shingo kuelekea juu, zinataka mwanga zaidi. Rangi ikianza kufifia kuelekea weupe, napunguza siku hiyo hiyo. Saa nane hadi kumi za mwanga kwa siku zinatosha, na ni vyema kazi ya kuwasha na kuzima ifanywe na saa ya umeme.

Joto la Kisumu linastahili kufikiriwa mapema. Matumbawe hupenda maji ya nyuzi 24 hadi 27, na alasiri zetu hufika nyuzi 30 mara nyingi. LED haimwagi joto jingi majini, lakini joto lake hukusanyika kwenye bamba la alumini nyuma ya diodi, na likikosa pa kutokea, diodi huchakaa upesi. Kwa hiyo naitundika taa sentimita 20 hadi 25 juu ya maji, kwa mkono wa alumini uliotengenezwa na fundi wa jua kali, maana chuma hakiwezi kuishi karibu na chumvi. Mfuniko mzito siuweki. Feni ndogo hupuliza juu ya maji, na yanayopotea kwa mvuke hujazwa kwa maji safi yasiyo na chumvi. Chumvi ikikauka kwenye kioo cha taa hupunguza mwanga, basi naifuta kwa kitambaa chenye unyevu baada ya kuchomoa plagi.

Umeme unaopanda na kushuka huua vidhibiti vya taa hizi, kwa hiyo kifaa cha kuzuia hitilafu hiyo kinunuliwe siku moja na taa. Ama umeme ukikatika kabisa, betri ya akiba niliyo nayo naielekeza kwenye pampu, kwa kuwa matumbawe huvumilia siku moja au mbili za giza bila madhara makubwa, ilhali maji yaliyosimama huishiwa na oksijeni katika muda wa saa chache.