Ubao wa Jikoni Garini: Kwa Nini Nimeachana na Vanishi

Wiki iliyopita karakana moja ya hapa Bristol, Uingereza, imeniletea makadirio ya pauni 280 kwa kazi ya kukwangua na kupaka upya ubao wa jikoni usiofika mita moja na nusu. Ubao huo umo ndani ya gari langu, Ford Transit ambalo nimelifunga kitanda, sinki na jiko la gesi ili familia isafiri bila kulipia hoteli. Bei imeniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba karakana hiyo hiyo ndiyo iliyoupiga vanishi ubao huo kiangazi kilichopita, na sasa vanishi imebanduka kuzunguka sinki, wananiambia kuwa nimeutumia vibaya. Nilichofanya juu yake ni kupika na kuosha vyombo, yaani kazi ambayo ubao wa jikoni umewekewa.

Ndugu wa Tanga hawahitaji kuelezwa pauni 280 zingepata nini kwa seremala wa mtaani. Huku saa ya fundi ni ghali kuliko mbao yenyewe, na kwa hiyo nawaambia vijana wanaojiandaa kuja: pamoja na vyeti vyenu, jifunzeni kushika msasa, kuunga bomba na kufunga taa kabla hamjapanda ndege, kwa sababu asiyejua kazi ya mikono hulipia kila kitu, na hulipa bila hata kuweza kupima kama kazi imefanywa vizuri.

Vanishi ya kawaida hufanya ngozi juu ya mbao. Nyumbani mwenye joto lisilobadilika sana ngozi hiyo hudumu, lakini gari ni mahali pengine kabisa. Usiku wa baridi watu wanne hupumua ndani ya chumba kidogo, birika huchemka, madirisha hutiririka maji, kisha mchana jua hulichoma paa. Mbao hutanuka na kusinyaa upana wake, na barabara nayo huitikisa. Ngozi ngumu hupasuka kwanza pale sinki lilipokatiwa, ambapo ncha za nyuzi za mbao ziko wazi na hunywa maji kwa kasi kuliko sehemu nyingine yoyote. Maji yakishaingia chini ya vanishi hayatoki. Huacha madoa, na tiba yake ni kukwangua ubao wote. Hapo ndipo pauni 280 zinapozaliwa.

Nimechagua mafuta yaliyochanganywa na nta ngumu, aina ambayo kampuni ya Osmo ya Ujerumani na nyingine huuza kwa ajili ya meza na kaunta. Nusu lita hugharimu karibu pauni 30, na inatosha kwa ubao kama wangu na kubaki. Hukaa ndani ya mbao zaidi kuliko juu yake, na pakichakaa mahali pamoja, unapiga msasa hapo tu na kupaka hapo tu. Wazee wa majahazi wa pwani yetu walipaka mbao zao sifa, mafuta ya papa, na chini ya maji wakapaka deheni ya shahamu na chokaa, wakarudia kila chombo kilipopandishwa ufukweni. Ni akili ile ile ya kuchagua kinga unayoweza kuirudia mwenyewe. Mafuta ya kula, kama ya nazi au ya zeituni, msiyatumie, kwa maana hayakauki na baadaye hunuka.

Ubao wangu ni iroko, ambao ni mvule, ingawa unaouzwa huku kwa kawaida hutoka Afrika Magharibi. Nilipoukwangua rangi yake ya dhahabu ikajitokeza na nyuzi zake zikapishana kwa namna ninayoifahamu tangu utotoni, nikajivunia kuwa na mti wa kwetu katika gari langu. Lakini mvule una kemikali zake za asili zinazochelewesha mafuta kukauka, kwa hiyo niliufuta kwanza kwa spiriti, nikaacha ikauke, ndipo nikapaka. Vumbi lake huwasha ngozi na kusumbua mapafu, hivyo barakoa si hiari.

Msasa niliishia namba 150, kwa kuwa ubao uliolainishwa mno hauyapokei mafuta vizuri. Nilipaka mafuta mikono miwili, yaani tabaka mbili, myembamba sana, usiku mzima kati ya mmoja na mwingine, na kila mkono nikaupitisha pia upande wa chini na kingo zote, kwa sababu ubao uliokingwa upande mmoja hupinda. Ncha za nyuzi pale kwenye sinki nilizipa mkono wa tatu. Matundu ya skrubu niliyarefusha kidogo ili mbao ipate nafasi ya kutanuka.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya aina hii, hasa yenye mafuta ya kitani, havifumbatwi na kutupwa kwenye pipa. Yanapokauka huvuta oksijeni na kutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe, ndani ya gari mnamolala watoto. Vitandazeni nje mpaka vikakamae, au vilowekeni ndani ya maji. Na anayetaka kuanza kazi hii Desemba, ambapo huku ni baridi, asubiri majira ya joto, kwani katika gari lenye baridi na unyevu mafuta hubaki yakinata kwa siku nyingi.