Vile nilirekebisha kuruka kwangu kwa upondo: kazi yote ilikuwa chini, si hewani

Mi nilianza kuruka kwa upondo (ile fimbo ndefu unayotumia kujirusha juu ya ufito, yaani kile kijiti kilicholazwa kule juu) nikiwa mtu mzima tayari, huku Minnesota, kwa klabu ndogo inayofunza watu wa umri wowote ndani ya ukumbi wakati wa baridi. Watu wa nyumbani wameniuliza sana ilikuwaje nikaanza kupita ufito vizuri, kwa hivo naandika yote hapa, hasa kwa yule anayeanza sahii.

Kitu cha kwanza, usianze na kule juu. Mtu akimwangalia Armand Duplantis, yule Mswidi wa upondo, akiruka mita 6.30 kwa mashindano ya dunia pale Tokyo 2025 macho yanaenda kwa miguu ikipinduka juu ya ufito, na akifika mazoezini anataka afunzwe kupinduka, lakini kabla hajaacha ardhi mruko ushaamuliwa. Piga hesabu ya fizikia ya shule tu: mtu akikimbia mita 8 kwa sekunde, mbio hiyo yote ikigeuka kuwa urefu inampandisha kama mita 3.2, ongeza ile mita moja hivi ambayo kiuno chake kiko tayari juu ya ardhi, ushapita mita 4. Upondo unakurudishia mbio uliyoingia nayo, ukifika pale mwisho umepunguza mwendo hakuna kitu mikono itafanya ikusaidie.

Ndio maana kocha alinianzisha na kutembea. Kutembea kabisa, upondo mkononi, ncha ikiwa juu. Upondo ukisimama karibu wima uzito wake unapungua, ukiulaza unakuvuta mbele na mgongo unainama, kwa hivo unaanza mbio ncha ikiwa juu na unaiacha ishuke polepole kadri unavyokaribia. Mimi natumia mkono wa kulia, kwa hivo wa kulia unashika juu na naruka na mguu wa kushoto. Tulikuwa tunahesabu hatua za mguu wa kushoto tu, kwenda nyuma: tatu, mbili, moja. Kushoto ya pili kutoka mwisho mikono inaanza kupanda kutoka kiunoni, hatua ya kulia inayofuata iko karibu na sikio, na kushoto ya mwisho ikigusa chini mkono wa juu uwe umenyooka kabisa juu ya kichwa. Inaonekana rahisi ukisoma, ila mwili unataka kungoja mpaka uone boksi, kile kishimo mbele ya godoro unachochomeka ncha ya upondo, ndio uinue mikono, na hapo umechelewa. Dawa yake kwangu ilikuwa kurudia kwa ukuta, hatua tatu na kuchomeka, hatua tatu na kuchomeka, mpaka mikono ikaanza kupanda bila mimi kuifikiria, na yaani hii drili moja nadhani ndio imenisaidia kuliko zingine zote zikiwekwa pamoja.

Halafu kuna mahali mguu unakanyaga. Ule mguu wa kuruka unafaa uwe chini kabisa ya mkono wa juu, ama nyuma kidogo. Ukikanyaga mbele zaidi ya hapo upondo unakuchota kabla hujaruka, unaskia mgongo wa chini na bega vinavutwa, na unapoteza mbio yote. Huwezi kujiona mwenyewe ukifanya hivo. Nilimwomba mwenzangu anichukue video kutoka pembeni na simu, tunaisimamisha pale mguu unapogusa, tunachora mstari kwa macho kutoka mkononi kushuka chini. Mguu ukiwa mbele sana tunarudisha alama ya kuanzia nyuma kidogo. Utepe wa kupimia beba kila siku, hata wale wakubwa wanapima.

Kuhusu kushika, hapa nasisitiza. Simama, upondo wima chini, nyosha mkono juu, shika kiganja kimoja juu ya hapo. Kwa mwanzo inatosha. Ukitua katikati ya godoro ukiwa na nafasi nyuma yako, panda kiganja kimoja. Ukitua karibu na boksi, shuka, wala usibishane, manake lile boksi lina chuma ama zege pembeni na kina cha sentimita 20, si mahali pa kuangukia. Na kila upondo umeandikwa uzito wa mtu: usitumie wa mtu mwepesi kuliko wewe eti ndio upinde, unaweza kuvunjika. Kupinda kutakuja kwenyewe mbio na kushika vikipanda, mimi miezi ya mwanzo nilikuwa naruka na upondo ulionyooka tu na ndio nilijifunza mengi.

Baada ya hapo kubembea kukawa rahisi zaidi ya vile nilidhani. Ule mguu uliorukia unaubakisha mrefu na nyuma, halafu unaufagilia mbele na juu bila kukunja goti. Nilifanyia kwa mchanga wa wale wa kuruka mbali, unachomeka ncha kwa mchanga, unapita upande wa kulia wa upondo na unatua kwa miguu. Nyumbani nilikuwa nabembea kwa chuma cha juu, mikono imenyooka, miguu ifike kwa chuma. Badala ya ufito tulikuwa tunaweka uzi wa mpira, na zile nguzo zinazoushika tunasukuma nyuma ya boksi mpaka sentimita 80, ndio mtu arukie ndani ya godoro.

Najua wengi watataja Julius Yego, alivyojifunza mkuki kwa kutazama YouTube mpaka akawa bingwa wa dunia 2015 kwa mita 92.72. Namheshimu sana, lakini mkuki unaweza kurusha peke yako uwanjani, upondo unahitaji mtu mwenye macho pale kando. Kama uko mahali hakuna godoro halali, fanya hizi za ukuta, za mchanga na za chuma cha juu, chukua video, hesabu kushoto zako. Urefu usijaribu mpaka upate godoro la kweli, boksi lililopigwa mpira pembeni na mtu wa kukuangalia.