Siku yangu kwenye mkutano wa Mwezi (Houston, Agosti 1969)

Saa 12 na nusu asubuhi. Jua halijapanda lakini blauzi imeshagandia mgongoni. Mtu akisikia nafanya kazi kituo cha vyombo vya anga hudhani nashinda na marubani. Mimi ni karani. Nanukuu mikutano, nachapa, natoa nakala. Roketi ikiruka naitazama kwenye televisheni kama jirani zangu.

Saa 2. Kahawa, stensili mpya (karatasi ya nta ya kutolea nakala), penseli sita zimechongwa.

Saa 3. Mkutano. Mwenyekiti ni Bill Tindall, ambaye tangu 1967 kazi yake ni kuwaweka chumba kimoja watu wa kompyuta, wa rada, wa njia za safari na marubani, wabishane mpaka ijulikane nani anafanya nini, sekunde kwa sekunde. Memo zake anaziandika kama anapiga soga, hata watu wamezibatiza Tindallgram. Unacheka kwanza, halafu unajikuta umeelewa.

Hoja ya leo: Apollo 11 ilitua salama tarehe 20 Julai, ila ilipitiliza shabaha kwa zaidi ya kilomita sita. Novemba, Apollo 12 inatakiwa itue jirani na Surveyor 3, chombo kisicho na mtu kilichokaa kwenye Bahari ya Dhoruba tangu Aprili 1967, ili marubani wakifikie kwa miguu. Kilomita sita na lile gwanda la anga? Thubutu.

Wakosaji ni wadogo wadogo. Uzito wa Mwezi haukusambaa sawa, kuna mahali panavuta chombo zaidi. Hewa kidogo iliyobaki kwenye njia kati ya vyombo viwili, kinachoshuka na kinachobaki kuzunguka, nayo husukuma vinapoachana. Msukumo ambao usingemwangusha mtoto, ukikiacha chombo kizunguke, unazaa kilomita.

Saa 5 mpaka sijui saa ngapi. Hapa ndipo nilipochoka. Chombo kikichomoza kutoka nyuma ya Mwezi, injini ya kushukia inakaribia kuwashwa. Kupiga upya hesabu zote za kilipo hakuna muda. Wakaja na dawa: sikiliza masafa ya redio yake, linganisha na yaliyotarajiwa, tofauti itakwambia kimepotoka kiasi gani. Kisha usiisahihishe kompyuta kuhusu ilipo. Idanganye kwamba mahali pa kutua pamehama, marubani wabonyeze namba moja tu, basi. Yaani humwambii nahodha amepotea. Unamwambia gati limesogezwa. Hapo nilisahau kunukuu, nikabaki nimeshika penseli.

Raha hiyo ilikatwa na mhandisi mmoja, jina nalihifadhi.

"Dada, samahani, ile namba ya ukurasa wa pili."

Futi zikawa maili. Maili zikarudi futi. Halafu namba yenyewe ikabadilika. Kila badiliko ni kupaka dawa ya kusahihishia, kupuliza ikauke, kurudisha stensili kwenye mashine bila mstari kupinda, kugonga tena huku harufu ile inakupanda kichwani. Chakula cha mchana nimekula nimesimama. Alipokuja mara ya nne nikamwuliza, "Kaka, gati limehama tena?" Hakucheka.

Mara ya tano nilimwita mimi. Ukurasa wa pili mfano wake ulikuwa na alama ya kutoa. Ukurasa wa tano, mfano uleule, hauna. Akasema ni kosa la taipu. Nikamtolea karatasi yake mwenyewe, wino wake mwekundu. Akakaa, akapitisha kiganja hewani kama ndege inayotua, akarudia. Bila alama ile gati lingesogezwa upande usiopo, na kosa badala ya kufutika lingekuwa maradufu. Akaichora pale, akaondoka. Asante sijaisikia mpaka sasa.

Usiku. Wafagiaji wamepita mara mbili, miguu imevimba, viatu viko chini ya meza. Nakala zimepangwa, bado kubana pini. Nasikia hatua kwenye korido na nazijua ni za nani. Stensili ya ukurasa wa pili sijaitupa.