Nilivyogandisha jeli ya peptaidi bila madonge, nikaifanya ipitishe umeme

Wiki tatu za mwanzo nilipata madonge matupu. Nadondosha tindikali kwenye chupa, pale tone lilipoangukia panaganda papo hapo, pembeni maji yanabaki maji. Ukiinamisha chupa, vipande vyeupe vinateleza kama uji uliopikwa kwa pupa.

Nasomea uzamivu Uingereza, na kazi yangu ni kutafuta kitu laini cha kufunika elektrodi, yaani vipande vya metali vinavyopitisha ishara za umeme, zinazogusa neva. Dhahabu ya elektrodi hizo ni ngumu kuliko ubongo kwa mamilioni ya mara. Ikikaa mwilini inasugua tishu, mwili unaizungushia kovu, na ishara za umeme zinafifia. Jeli ya peptaidi (mnyororo mfupi wa asidi amino, vijenzi vya protini) ni maji karibu yote, kwa hiyo ulaini wake unakaribia ule wa tishu.

Peptaidi niliyotumia ni Fmoc-FF: asidi amino mbili za aina ya fenilalanini zilizounganishwa, zikavishwa kipande cha kemikali kiitwacho Fmoc. Mwaka 2003 Meital Reches na Ehud Gazit wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walionyesha kwamba jozi hiyo ya fenilalanini, iliyomo kwenye protini inayorundikana katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, hujipanga yenyewe majini ikawa mirija midogo mno. Hakuna anayeisuka. Kwenye maji yenye alkali molekuli zina chaji hasi, zinasukumana. Ukileta tindikali chaji inaondoka, zinashikana, zinakuwa nyuzi, na nyuzi zinakamata maji.

Tatizo langu lilikuwa kasi. Nililitambua jioni moja nikiongea na mama kwa simu. Nilimweleza kazi yangu kwa lugha ya jikoni, akanijibu, "Mwanangu, ukikamulia ndimu kwenye maziwa utapata vipande. Mgando unauacha ulale." Nikakumbuka kibuyu cha bibi kule Singida, maziwa yanachachuka taratibu usiku kucha, asubuhi yameshikana sawasawa.

Ndimu ya polepole ipo kweli: glukono-delta-laktoni, unga uleule unaogandisha tofu laini. Ukiingia majini unageuka tindikali kidogo kidogo, kwa saa kadhaa, kila mahali kwa pamoja. Nilipima miligramu 5 za peptaidi kwa kila mililita ya maji, nikaongeza sodiamu haidroksaidi hadi maji yakawa maangavu, pH, kipimo cha tindikali na alkali, ikiwa kama 10.5. Nikayamimina juu ya miligramu 8 za unga ule kwa kila mililita, nikazungusha chupa mara mbili tu, nikaondoka. Asubuhi niliipindua juu chini. Jeli haikusogea, na ilikuwa angavu kiasi kwamba nilisoma lebo ya upande wa pili. Nilisimama pale nimeishika kwa muda mrefu.

Ikabaki kuitia umeme. Nilichagua PEDOT:PSS, polima (molekuli ndefu kama mnyororo) ya buluu iliyokolea inayopitisha elektroni. Nilipoichanganya tu na peptaidi, madonge yakarudi, kwa sababu polima hiyo inauzwa ikiwa na tindikali kali. Dawa yake ni kuipunguzia tindikali kwanza, tone kwa tone la alkali, ndipo uichanganye na peptaidi, na unga wa kugandisha uje mwisho.

Nilipopima ukinzani kwa mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo kila mara, ulikuwa umeshuka, nikakimbilia kwa msimamizi wangu. Aliniuliza swali moja: nimelinganisha na nini? Nilikuwa nimelinganisha na maji safi. Nikatengeneza jeli isiyo na polima lakini yenye sodiamu ileile, na yenyewe ukinzani wake ulikuwa chini. Sehemu kubwa ya nilichokishangilia ilikuwa chumvi. Anayeanza kazi hii akumbuke hapo kuliko popote: ioni, chembe za chumvi zenye chaji, nazo hubeba umeme, na namba nzuri peke yake haikuambii nani kaubeba.

Kilichonisaidia ni mkondo mnyoofu, usiobadili mwelekeo, volti 0.1, ukiachwa uendelee. Ioni zikifika kwenye dhahabu hazina pa kutokea, zinarundikana, na mkondo unakufa; elektroni zenyewe huendelea kupita. Kwenye jeli tupu mstari ulishuka hadi karibu na sifuri. Kwenye jeli ya buluu ulishuka kidogo, kisha ukanyooka, na nilipozima mashine baada ya dakika 20 ulikuwa bado umenyooka.