Siku yangu na herufi za mbao

Saa 2 asubuhi nafungua karakana ya uchapaji, hapa Chicago. Nafagia, naitia mafuta mashine ya kuchapia ya Vandercook, basi.

Saa 3 nalikabili kreti la gazeti moja la mashambani lililofungwa zamani: herufi za mbao zilizochanganyika na mavi ya panya. Ndugu zangu Tanga hucheka wakisikia nalipwa kufuta vibao. Waje wajaribu! Kitambaa, tapentaini kidogo. Maji mwiko, mbao itavimba. Hizi ni za mti wa maple, zimechongwa upande wa kichwa cha gogo, nyuzi zikisimama wima, ndiyo maana zimekandamizwa miaka na miaka na kona bado kali. Kimo ni inchi 0.918, zote sawa ili zichape sawasawa. Iliyopungua naibandikia karatasi chini.

Kwanza naisaka A kubwa, maana watengenezaji walizoea kupiga muhuri wao ubavuni mwake. Nikafuta, nikafuta, likajitokeza jina la William Page. Kiwanda chake cha Connecticut kilinunuliwa na kampuni ya herufi ya Hamilton, ya Two Rivers, Wisconsin, mwaka 1891. Nikapiga kigelegele peke yangu.

Saa 5 akaingia mama mmoja. Anataka herufi za jina la bintiye azitundike ukutani: Amanda. Seti ina A tatu tu.

"Mama, ukizichukua hizo, seti imekufa. Hakuna bango litakalochapwa nayo tena, na muhuri umeondoka nao."

"Mbona zimebaki nyingi?" Ananionyesha Q na Z.

Akapandisha bei. Akampigia mumewe simu. Akamtaka mwenye karakana, naye akamjibu yaleyale, kwa upole kunizidi. Akarudi kwangu: basi A mbili? Chai yangu imeshapoa, njaa inauma, yeye bado kaishika A ya muhuri kama kitumbua. Wanunuzi wa namna hii nawaogopa kuliko mchwa.

Mwishowe akakubali nimchapie jina hilo kwenye karatasi. Saa ngapi hapo, sikumbuki. Nikapanga, nikakaza fremu, nikapaka wino mweusi. A ya mwisho imefifia. Karatasi chini, rudia. Bado. Rudia. Ikatoka safi, hadi mikwaruzo ya mbao inasomeka.

Akaitazama. "Nzuri. Na ya pinki je?"

Rola iliyokunywa wino mweusi haikubali pinki kirahisi. Unafuta, unachapa, inatoka kijivu, unafuta tena. Nimefunga mlango saa 2 usiku, na mama kaomba punguzo.